Kufundisha Watoto Kupiga Mafundo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kamba haimfichi mtoto kitu. Akipiga fundo sawasawa, linashika. Akikosea, linaachia palepale mbele ya macho yake, na mtu mzima hajasema neno. Ndiyo maana nalipenda somo hili kuliko mengi ninayofundisha: mtoto hangoji alama ya vema au ya kosa kutoka kwangu. Anavuta, anaona, anarudia. Vidole vinazoea kazi ya ustadi, macho yanajua mbele na nyuma, na kichwa kinazoea kushika mfuatano wa mambo.

Faida hizo hupotea mara mtu mzima anapoingiza mkono. Ukimfungia mtoto fundo eti umwonyeshe tu, fundo hilo ni lako, na yeye amebaki mtazamaji. Kwa hiyo kuna sharti moja ninalolishikilia toka mwanzo hadi mwisho: kamba ya mtoto haiguswi na mkono wa mtu mwingine. Wewe una yako, yeye ana yake. Akikwama, unafanya upya kwenye yako, polepole, naye anafuata kwenye yake. Itachukua muda. Uvumilie, kwani muda huo ndio somo lenyewe.

Kamba na usalama

Tafuta kamba laini ya pamba yenye unene wa milimita 8 hadi 10. Kamba ya unene huo hujaa vizuri kwenye kiganja kidogo, na njia ya fundo huonekana waziwazi. Ya nailoni inateleza, na mtoto atadhani amekosea kumbe kamba ndiyo iliyomponyoka. Ya katani inakwaruza vidole. Uzi mwembamba uache kwanza. Utakuja kwenye kazi za mapambo.

Kata vipande vya mita moja kwa watoto wadogo na mita moja na nusu kwa wakubwa. Zungushia kila ncha utepe wa gundi isifumuke. Kisha paka nusu ya kila kamba rangi, mathalani nyekundu, au unga vipande viwili vya rangi tofauti. Usiruke jambo hili. Kamba yenye rangi mbili itakuokoa kusema "kulia, hapana, kulia kwako" mara mia, na baadaye utaona kwamba rangi hizo zina kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Usalama usemwe kabla kamba hazijagawiwa, kwa maneno machache yasiyo na vitisho. Kamba haipiti shingoni, iwe kwa mchezo au kwa jaribio. Haimfungi mtu wala mnyama. Haizungushwi kidoleni hadi kidole kibadilike rangi. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiachwe peke yao na kamba hata kwa dakika moja, na walio chini ya mitatu wapewe vitu vya kutunga vyenye uzi mfupi sana badala ya kamba, tena vitu hivyo viwe vikubwa kiasi kwamba haviwezi kuingia mdomoni. Hesabu kamba unapozitoa, uzihesabu tena unapozirudisha.

Kuna fundo moja ambalo wadogo siwafundishi: tanzi, lile linalojikaza kadiri unavyolivuta. Mtoto mkubwa akiliuliza, mweleze hatari yake kinagaubaga na umpe kitanzi kisichojikaza, ambacho tutakifikia.

Maneno manne ya kushikia

Fundo likiwa bado kichwani mwako tu, mtoto hawezi kulifuata. Mpe maneno, tena machache, na uyatumie hayohayo kila siku. Ncha ni ule upande wa kamba unaofanya kazi. Shina ni upande uliotulia. Mkunjo ni kamba iliyopinda ikarudi bila kujikata. Kitanzi ni kamba iliyojikata, ncha ikalala juu au chini ya shina. Vitenzi navyo ni vile anavyovijua tayari: pitisha juu, pitisha chini, zungusha, penyeza, kaza.

Watoto wa miaka minne au mitano wafanyishe mchezo wa maneno haya kabla ya fundo lolote. Tandaza kamba sakafuni, sema "mkunjo!", watengeneze, sema "kitanzi, ncha ikiwa chini ya shina!", watengeneze. Asiyeona tofauti ya juu na chini hapa ataihangaikia kote mbele, kwa sababu fundo zima ni mpangilio wa juu na chini tu.

Kuhusu kukaa: keti ubavuni mwa mtoto, msielekeane. Mkielekeana, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto wake, na atafanya kila kitu kinyume. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto ndiye pekee wa kumkalia mbele, maana kwake wewe mwenye kutumia kulia unakuwa taswira sahihi kabisa. Na fanyieni kazi juu ya meza au sakafu, sio hewani. Kamba iliyolala haipotezi umbo mtoto anapofikiri.

Hatua ya kwanza: fundo la kawaida

Tengeneza kitanzi, ncha ikiwa juu ya shina. Ipitishe ncha nyuma, uipenyeze ndani ya kitanzi. Vuta pande zote mbili. Wengi wataliweza siku hiyohiyo.

Hapo usikimbilie fundo la pili. Mwombe alifungue. Mafundo hufungiwa haja fulani, na haja hiyo ikiisha lazima yafunguke. Mtoto anayekimbilia mkasi bado hajajua fundo. Wengi huanza kwa kuvuta ncha kwa nguvu, na fundo linazidi kujikaza. Waonyeshe kwenye kamba yako: fundo hufunguliwa kwa kusukuma. Shika kamba pande mbili za fundo, sukuma shina kuelekea ndani ya fundo huku ukilizungusha kidogo kati ya vidole, hadi uone upenyo. Ukipata upenyo, umemaliza kazi. Mtoto akishaijua siri hii haogopi tena kukaza, na woga wa kukaza ndio unaofanya mafundo mengi ya watoto yalegee.

Toka siku hii zoesheni maswali matatu kwa kila fundo: Linafaa kwa kazi hii? Linashika likivutwa? Linafunguka kazi ikiisha? Fundo la kawaida hufeli swali la tatu likishavutwa sana, na hilo watoto waligundue wenyewe. Mwambie avute kwa nguvu zake zote, kisha ajaribu kulifungua.

Ukiona wamelizoea, wape kitendawili hiki. Weka kamba mezani, imenyooka. "Shika ncha mbili, moja kila mkono, upige fundo bila kuachia hata ncha moja." Watazungusha mikono, watajipinda, watapita chini ya viwiko vyao, na kamba itabaki bila fundo. Waache wahangaike vya kutosha. Kisha kunja mikono yako kifuani, kiganja kimoja juu ya mkono na kingine chini ya kwapa, iname, shika ncha moja kwa kila mkono ukiwa bado umekunja, kisha kunjua. Fundo limo ndani ya kamba. Lilikuwa mikononi mwako, likahamia kwenye kamba.

Watoto huomba kulirudia hili hadi kengele inalia, na wakubwa kidogo huanza kuuliza maswali mazito: kama ncha haziachiwi, fundo linatoka wapi? Je, fundo lako na langu ni moja? Hilo ni swali la hisabati halisi. Mwaka 1867 mwanafizikia William Thomson, ajulikanaye zaidi kama Lord Kelvin, alipendekeza kwamba atomu ni mizunguko iliyofungamana kama mafundo ndani ya etha, kitu kisichoonekana kilichodhaniwa zamani kuwa kimejaa kila mahali. Wazo hilo halikuwa sahihi, ila lilimsukuma mwenzake Peter Guthrie Tait kuyapanga mafundo katika orodha, moja baada ya jingine, na tawi la hisabati ya mafundo likaanzia humo. Ukiunganisha ncha mbili za fundo la kawaida kwa utepe wa gundi, una mkononi fundo dogo kuliko yote katika orodha hiyo: lina makutano matatu, na huwezi kulifumua bila kukata. Wape walijaribu.

Hatua ya pili: fundo la nane

Linaanza kama la kawaida, ila kabla ya kupenya ncha hufanya safari moja zaidi. Tengeneza kitanzi, ncha juu ya shina. Izungushe ncha nyuma ya shina, uirudishe mbele, uipenyeze ndani ya kitanzi kutokea juu. Kabla ya kukaza, mtoto aone tarakimu 8 imelala mezani. Asipoiona, arudi mwanzo.

Kazi yake ni kuzuia kamba isichomoke tunduni, na hufunguka kwa urahisi kuliko la kawaida. Mtoto ayapige yote mawili kwenye kamba moja, avute kwa nguvu sawa, alinganishe. Hatua hii ni fupi, msikae sana.

Hatua ya tatu: fundo bapa, na kamba za viatu

Hapa ndipo rangi mbili zinapolipa. Fundo bapa huunga ncha mbili, na ndilo la kufungia vifurushi na bendeji, maana hulala bapa bila kumchoma mgonjwa. Kwa desturi hufundishwa kwa maneno "kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia", na kwa desturi watoto husahau. Mimi hutumia kanuni ya rangi: nyekundu hukaa juu mara zote mbili.

Ifuate. Ncha nyekundu iko kulia, nyeupe kushoto. Nyekundu inapita juu ya nyeupe, inazama chini yake, inatokea upande wa pili. Sasa nyekundu iko kushoto. Tena nyekundu inapita juu ya nyeupe, inazama, inatokea. Kaza. Ukiangalia, mikunjo miwili imeshikana: ncha nyekundu imetoka sambamba na shina jekundu, nyeupe na nyeupe. Sukuma pande mbili zielekeane, nayo mikunjo itateleza na kufunguka.

Sasa mwambie avunje kanuni makusudi. Mara ya kwanza nyekundu juu, mara ya pili nyeupe juu. Anapata fundo la kombo: ncha zimechomoza kushoto na kulia badala ya kulala na mashina yake, fundo linajipinda, likivutwa huteleza au hujikaza vibaya. Mafundo haya mawili yawekwe mezani yakiwa yamelegezwa, na mtoto afuate njia ya kila kamba kwa kidole, juu, chini, juu, chini, hadi aseme mwenyewe tofauti iko wapi. Usimwambie. Ukiwa na darasa kubwa, wagawe wawili wawili, kila mmoja apige fundo huku amefumba macho, na mwenzake aamue ni lipi.

Kisha onyesha udhaifu wa fundo bapa lenyewe. Shika ncha nyekundu na shina lake, uzivute zinyooke kwa mpigo. Kamba nyekundu inanyooka kabisa, na nyeupe inabaki imeizungukia tu, inateleza na kutoka. Kwa sababu hiyo fundo bapa halitumiki kuunga kamba mbili za kubeba uzito wa mtu. Mtoto aliyeliona likianguka mkononi mwake hatahitaji kukumbushwa.

Kutoka hapa kwenda kwenye viatu ni hatua moja. Fundo la kiatu ni fundo bapa ambalo ncha zake zimebaki mikunjo ili lifunguke kwa kuvuta. Chunguza viatu vya watoto wote darasani, na vyako pia: masikio ya fundo yamelala upande kwa upande, kukatisha kiatu, au yameelekea kwenye vidole na kisigino? Yakielekea kwenye vidole, umepiga fundo la kombo. Dawa yake ni ndogo: geuza nusu ya kwanza tu, ile ya kabla ya masikio, ukianza na mkono mwingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwa nini kamba za viatu hufunguka zenyewe tukitembea: kila hatua mguu unapogonga chini fundo linalegea kidogo, na ncha zinazopepea zinavuta, kamba ikishaanza kuteleza, fundo huachia ghafla. Waliona pia kwamba la kombo huachia upesi zaidi. Watoto wanaweza kufanya jaribio hilo wenyewe: kiatu kimoja fundo bapa, kingine la kombo, kisha wakacheze.

Mtoto wa miaka mitano au sita ambaye bado anahangaika na masikio ya kiatu, mwekee kiatu mezani mbele yake, pua ya kiatu ikiwa mbali naye, badala ya kumfanya ainame. Nusu ya shida huwa ni kuinama.

Hatua ya nne: kufunga kwenye mti

Geuza kiti, tumia mguu wake, au fimbo nene iliyoshikiliwa vizuri. Fundo la kwanza la hapa ni mizunguko miwili na vifungo viwili. Zungusha ncha kwenye mguu wa kiti mara mbili. Ipitishe juu ya shina, nyuma yake, uipenyeze kwenye upenyo uliojitokeza. Rudia hivyohivyo, kwa mwelekeo uleule. Sukuma vifungo viwili vikaribie mti. Ukikagua, vifungo hivyo viwili vinafanana, kimoja kimefuata nyayo za kingine. Vikitazamana, mtoto amegeuza mwelekeo katikati.

Kabla ya vifungo, simama kwenye mizunguko. Tafuta nguzo imara na laini. Mtoto ashike ncha ya kamba kwa mikono miwili, wewe ushike shina, uvute polepole. Bila mzunguko wowote utamvuta kirahisi. Azungushe kamba mara moja kwenye nguzo, uvute tena. Mara mbili. Mara tatu. Kufikia mzunguko wa tatu mtoto wa miaka saba anakuzuia kwa vidole viwili, na uso wake unastahili kuonwa. Mweleze msuguano, na jambo moja ambalo watu wazima wengi hawalijui: kila mzunguko unaoongezwa haujumlishi nguvu ya kushika, unaizidisha. Hapo anaelewa kwa nini mabaharia huizuia meli nzima gatini kwa kuzungusha kamba kwenye chuma, na kwa nini fundo lolote duniani linashika.

Hatua ya tano: kitanzi kisichojikaza

Hiki ni cha watoto wa miaka minane, tisa na kuendelea, au mdogo zaidi mwenye hamu. Kitanzi chake hakibani wala hakilegei, ndiyo maana hutumika pale ambapo tanzi ni hatari.

1. Shika shina kwa mkono wa kushoto. Karibu na mkono huo tengeneza kitanzi kidogo, upande unaokwenda kwenye ncha ukilala juu ya shina.
2. Ncha itoke chini, ipande juu ndani ya kitanzi kidogo.
3. Izunguke nyuma ya shina.
4. Irudi chini ndani ya kitanzi kilekile ilikotoka.
5. Shika ncha pamoja na upande wa kitanzi kikubwa ulio jirani yake kwa mkono mmoja, shina kwa mwingine, vuta.

Kosa la kawaida liko kwenye namba moja. Kitanzi kidogo kikilala kinyume, shina likawa juu, fundo zima linayeyuka ukivuta. Mtoto akikwama, kagua hapo kwanza.

Hatua hizi ziwe hadithi, na hadithi aitunge mtoto. Nimeshasikia nyoka aliyetoka kisimani, akazunguka mti kumkwepa kicheche, akarudi kisimani. Nimesikia mama aliyetoka nyumbani bila mwavuli, akafika nyuma ya duka, mvua ikanyesha, akarudi ndani mbio. Hadithi ya mtu mzima hukaririwa. Aliyoitunga mwenyewe haimtoki. Waambie wachore pia, kila hatua na mchoro wake, kisha wabadilishane michoro na kila mmoja afuate mchoro wa mwenzake neno kwa neno. Mchoro usiosema juu au chini utamfelisha msomaji wake, na mchoraji atajua pa kurekebisha bila kalamu yako nyekundu.

Fundo la mwisho la kuunga ni la kamba zisizolingana unene. Kunja ya nene iwe mkunjo. Nyembamba ipande ndani ya mkunjo kutokea chini, izunguke nyuma ya miguu yote miwili ya mkunjo, kisha ipite chini ya mwili wake yenyewe, bila kurudi ndani ya mkunjo. Kaza. Kwa watoto wenye jicho kali, weka fundo hili kando ya kitanzi kisichojikaza, yote yamelegezwa, uulize: yanafanana wapi? Njia ya kamba ni ileile. Moja limeunga kamba mbili, jingine kamba imejiunga yenyewe. Mtoto akiligundua hilo bila kuambiwa, mpe siku nzima ya kutamba.

Hatua ya sita: mafundo yawe ubunifu

Sasa uzi mwembamba uje. Mradi ninaoanza nao ni bangili ya uzi, kwa sababu inatumia fundo bapa ambalo wanalijua.

Funga nyuzi nne pamoja kwa juu, uzibanie mezani kwa utepe wa gundi. Mbili za katikati hazifanyi kazi, zinanyooka tu. Za pembeni ni nyekundu na nyeupe, na ziwe ndefu mara nne hadi tano ya urefu wa bangili unayoitaka. Nyekundu ipite mbele ya nyuzi za katikati, chini ya nyeupe. Nyeupe ipite nyuma ya za katikati, itokee kwenye mkunjo wa nyekundu. Kaza. Nyekundu sasa iko upande wa pili. Ipite tena mbele ya za katikati, irudi. Endelea hivyo, nyekundu mbele daima, na bangili inatoka bapa, imenyooka, kingo zake zimelingana.

Kisha mwambie mtoto aanze kila mara na uzi ulio kushoto, uwe mwekundu au mweupe. Baada ya mafundo machache bangili inaanza kujizungusha yenyewe, inapanda kama ngazi ya duara. Hajakosea. Ni lile fundo la kombo la siku ya viatu, limerudi likiwa pambo. Watoto wakishaona kwamba kanuni mbili zinazaa maumbo mawili, wanaanza kuzichanganya wenyewe: mafundo kumi bapa, kumi ya kuzunguka, ushanga mmoja, kumi bapa. Usiwape ruwaza. Waulize tu watapata nini, waandike wanachotarajia, kisha wafunge waone.

Mradi wa pili ni wa kuandika namba kwa mafundo. Wainka wa Amerika Kusini walitunza hesabu za himaya yao kwenye nyuzi zilizoitwa kipu: uzi mkuu mmoja, na nyuzi nyingine nyingi zimening'inia humo. Mwaka 1912 Leland Locke alionyesha jinsi namba zake zinavyosomwa, na mfumo wake unamtosha mtoto yeyote ajuaye makumi na mamoja. Mafundo ya mamoja hukaa chini, karibu na mwisho wa uzi. Makumi juu yake, mamia juu zaidi, karibu na uzi mkuu. Makumi na mamia huandikwa kwa mafundo ya kawaida yaliyopangwa pamoja. Mamoja huandikwa kwa fundo refu, yaani fundo la kawaida ambalo ncha imepenyezwa kitanzini mara nyingi zaidi: mizunguko mitano ni 5, tisa ni 9. Moja peke yake huandikwa kwa fundo la nane, kwa kuwa fundo refu lenye mzunguko mmoja lisingetofautiana na la kawaida. Sifuri ni nafasi tupu.

Kwa hiyo 31 ni mafundo matatu ya kawaida, kisha chini yake fundo la nane. Namba 204 ni mafundo mawili juu, nafasi tupu, kisha fundo refu la mizunguko minne. Fundo refu huwasumbua mwanzoni: waambie wavute pande mbili polepole huku wakiruhusu mizunguko ijipange kwa kidole gumba, wasikaze kwa pupa. Kila mtoto aandike umri wake, siku yake ya kuzaliwa, idadi ya watu wa nyumbani kwake, kila namba kwenye uzi wake, rangi yake. Mfungie uzi mkuu ukutani na wengine waje wasome. Anayepanga nafasi tupu vibaya atasikia mwenzake akisoma 24 badala ya 204, na atajua thamani ya sifuri kwa namna ambayo ubao haungemwonyesha.

Muda, na yule anayekata tamaa

Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa wadogo. Fundo moja kwa kikao, na kila kikao kianze kwa mafundo ya nyuma. Mashindano ya kasi yasubiri hadi fundo liwe limeingia vidoleni, la sivyo utafundisha haraka mafundo yaliyolegea. Linapokuwa tayari, mpe majaribio ya kulipima: alipige akiwa amefumba macho, mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kwa mkono mmoja, akiwa amevaa glavu.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na mafundo yenyewe ni mojawapo ya pabovu hapo: kamba nzima ikivutwa hadi ikatike, mara nyingi hukatikia pale inapoingia kwenye fundo, kwa sababu ya kule kupinda. Wakubwa wanaweza kulithibitisha kwa uzi mwembamba wa kushonea, fundo moja katikati, wakivuta taratibu wakiwa wamevaa glavu.

Yule anayetupa kamba chini na kusema hawezi, usimpe fundo rahisi zaidi. Mpe la kufungua. Funga mafundo matano tofauti kwenye kamba moja nene, mengine umeyakaza, umwambie ayafumue yote na akuambie lipi lilimshinda nguvu na kwa nini. Anapofumua anafuata njia ya kamba kinyumenyume, mkono wake unapita mulemule fundo lilimopita, na mara nyingi akishalifungua la tatu anaomba kamba yake ili ajaribu kulifunga.